Sauti ya Elizabeth Fraser yatutia mtihanini sisi tuliolelewa na maneno

KATIKA utamaduni wa ushairi wa Kiswahili, neno ndilo mwenye nyumba na sauti ni mgeni anayekaribishwa. Mwalimu anapoingia darasani na shairi mkononi, swali lake la kwanza huwa lile lile: mshairi anasema nini? Vina, mizani, ukwapi na utao huja baadaye, kama hina ya bi harusi. Hata katika taarabu, ambako fidla na ganuni hazinyamazi, mtu hainuki kitini kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu ya ganuni. Huinuka kwa sababu fumbo limemgusa, au limemgusa jirani yake aliyeketi meza ya pili.

Sasa hebu fikiria mwimbaji ambaye huwezi kuuliza anasema nini. Si ati anaimba kwa lugha usiyoijua. Anaimba kwa lugha ambayo haipo, au ipo nusunusu, na hana haja ya kukufasiria.

Mwimbaji huyo ni Elizabeth Fraser wa bendi ya Cocteau Twins kutoka Uskoti. Bendi yenyewe iliundwa mwaka 1979 mjini Grangemouth, mji uliojulikana zaidi kwa kiwanda cha kusafishia mafuta kuliko kwa sanaa. Walikuwa vijana watatu: Robin Guthrie kwenye gitaa, Will Heggie kwenye gitaa la besi, na Fraser aliyeimba. Heggie aliondoka 1983 na nafasi yake ikachukuliwa na Simon Raymonde. Walirekodi na 4AD, kampuni ndogo ya London, mojawapo ya zile zilizozaa kile Waingereza wanachokiita muziki huru, yaani muziki usiofungamana na kampuni kubwa za santuri. Kati ya 1982 na 1996 walitoa albamu nane. Mwaka 1997 wakavunjika, na hawajarudiana.

Aliyeniletea watu hawa ni mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, anayetaka kuandika tasnifu kuhusu silabi zisizo na maana katika nyimbo. Nilimwambia anipe muda nisikilize kwanza. Miezi mitatu imepita, bado nasikiliza, na kazi hii si lelemama.

Nieleze ugumu wenyewe. Masikio ya mtu aliyefundisha lugha kwa zaidi ya miaka thelathini hayajui kupumzika. Yakisikia silabi, yanatafuta neno. Yakipata neno, yanatafuta sentensi. Fraser anayachezea masikio ya namna hiyo bila huruma. Unaukamata mwanzo wa neno la Kiingereza, unajiambia haya, hili nalijua, kisha katikati ya safari neno lenyewe linakata kona na kukushusha mahali ambapo hapana kituo. Kabla hujajikung'uta vumbi, ameshaanza jingine. Tena mara nyingi haimbi peke yake. Studioni alirekodi sauti juu ya sauti, hivyo unasikia Fraser wawili au watatu kwa pamoja, mmoja akiburuza irabu ndefu chini, mwingine akiparamia juu kama ndege aliyeshtuliwa kichakani, na kila mmoja ana silabi zake. Wimbo "Carolyn's Fingers", uliomo katika albamu Blue Bell Knoll ya mwaka 1988, ni mfano mzuri. Kuna mahali sauti inatetemeka na kujikunja kwa kasi ambayo kalamu yangu ya kunukuu fonetiki haikuweza kuifuata. Nilijaribu. Ukurasa ule nimeuhifadhi kama ushahidi wa kushindwa kwa alfabeti ya kimataifa.

Halafu kuna hili la kuchekesha. Mara kadhaa nimeapa kwamba nimesikia Kiswahili. Siku moja nilisikia "peleka". Siku nyingine nikasikia "hali hii" waziwazi, nikarudisha nyuma mara nne, na kufikia mara ya nne ikawa si "hali hii" tena. Jambo hili lina maelezo. Kiingereza hupenda kufunga silabi zake kwa konsonanti, pengine mbili tatu zilizorundikana. Fraser, kwa sikio langu, huziachia silabi zake wazi: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Huo ndio muundo wetu. Sikio la Mswahili likikutana na silabi za aina hiyo zisizo na mwenyewe, huzipa kitambulisho cha nyumbani.

Zipo njia rahisi za kukimbia tatizo hili, na nimezifikiria zote.

Ya kwanza ni kusema kwamba tatizo ni lafudhi: profesa wa Kenya hawezi kutarajiwa kukielewa Kiingereza cha Uskoti. Hoja hii haisimami. Wasikilizaji waliozaliwa hukohuko Uingereza nao hawakumwelewa. Majalada ya albamu zao za miaka ya themanini hayakuchapishwa maneno ya nyimbo, na mashabiki waliojitolea kuyanukuu kwa miaka mingi hawajakubaliana. Mmoja anasikia jina la ua pale mwenzake anaposikia kitenzi.

Ya pili ni kusema kwamba mama huyu hajui kutamka. Hii nayo inaangushwa na rekodi moja tu. Mwaka 1983, yeye na Guthrie walirekodi "Song to the Siren", utunzi wa Tim Buckley na Larry Beckett, chini ya jina This Mortal Coil, mradi wa wasanii mbalimbali wa 4AD. Humo hana ngoma, hana vurugu, ana gitaa linalosikika kama ukungu na maneno ya mtu mwingine. Anayatamka. Unaweza kuyaandika imla. Kwa hiyo anayeweza kusema waziwazi akaamua kutosema waziwazi hafai kusamehewa kama mtu mwenye kigugumizi. Anafaa kuhojiwa kama msanii aliyefanya uamuzi.

Ya tatu inatuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki, na ndiyo niliyoitegemea kwa muda mrefu kuliko zote. Kwani sisi hatujacheza Lingala maisha yetu yote? Franco alipotoa "Mario" mwaka 1985, ni Wakenya wangapi walioelewa kila neno? Na bado tulitoka jasho. Basi tofauti iko wapi? Tofauti ipo, tena kubwa. Nisipoelewa Lingala, maana ipo, ila iko kwa jirani. Naweza kumuuliza Mkongomani, akanieleza kwamba Mario ni kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri na hataki kazi. Maana imewekwa mahali, kama pesa benki, hata kama mimi sina kadi ya kuitoa. Kwa Fraser hakuna benki. Nikimuuliza Mskoti, anainua mabega. Nikimuuliza Fraser mwenyewe, ataniambia lile alilowaeleza wanahabari kwamba maneno mengine aliyaokota katika vitabu na kamusi za lugha asizozijua, akayachagua kwa jinsi yalivyosikika.

Ukiangalia majina ya nyimbo utaiona tabia hiyo. Katika albamu Treasure ya mwaka 1984, nyimbo zote kumi zina neno moja moja, karibu yote majina ya watu au ya visasili: Lorelei, Persephone, Pandora, Beatrix. Wa kwanza, "Ivo", umepewa jina la Ivo Watts-Russell, mwanzilishi wa 4AD. Katika Victorialand ya 1986, ambayo jina lake linatukumbusha eneo la Antaktika, kuna wimbo uitwao "Oomingmak". Hilo ni neno la Wainuiti, wakazi wa kaskazini ya mbali, nalo ni jina la mnyama mwenye manyoya marefu anayefanana na fahali. Je, wimbo unamhusu mnyama huyo? Sioni dalili. Neno limeokotwa kama mtoto anavyookota kombe ufuoni, kwa sababu linang'aa.

Hapo ndipo nilipoanza kupata pa kushikia. Wasomaji wa safu hii wanaukumbuka mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya sabini. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walilia kwamba nyumba imebomolewa: hakuna vina, hakuna mizani, hii ni nathari iliyokatwakatwa. Amri Abedi alikuwa ameziandika sheria za utunzi miaka ishirini kabla, mwaka 1954, na wengi waliziona kama katiba. Tuligombana sana. Lakini katika ugomvi wote ule, hakuna upande uliowahi kupendekeza kwamba kinachoweza kutolewa katika shairi ni maneno. Fraser amefanya kinyume kabisa cha Kezilahabi. Kezilahabi alitupa vina na mizani akabaki na maneno. Fraser alitupa maneno akabaki na vina na mizani.

Sikiliza "Lorelei" kwa mtazamo huo. Beti zipo. Kipokeo kipo, na kinaporudi kinarudi na silabi zake, si zozote zinazomjia mdomoni. Mishororo inalingana kwa urefu. Irabu za mwisho zinaitikiana. Mtu aliyefundishwa kukagua bahari za ushairi anaweza kukaa na daftari akachora umbo la wimbo huu tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachokosekana ni kamusi peke yake. Kwa lugha ya taaluma yetu, hapa kuna fonolojia bila leksika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoita uimbaji huu kubwabwaja. Anayebwabwaja hana mpaka. Huyu ana mipaka mikali kuliko washairi wengine ninaowajua, wenye maneno tele na wasio na sikio.

Lugha yenyewe ina vyumba vya namna hii, tena tunaviishi bila kushangaa. Tunazo tanakali za sauti. Jiwe likitumbukia majini chubwi, mtu akianguka mchangani tifu, hatufungui kamusi; sauti yenyewe imebeba picha. Ila chubwi ni mali ya umma, sote tumekubaliana juu yake. Fraser anatunga tanakali ambazo hajakubaliana na yeyote. Louis Armstrong naye aliporekodi "Heebie Jeebies" mwaka 1926 aliimba silabi tupu katikati ya wimbo, na jazi ikapata mtindo mzima uliokwisha kukomaa sasa. Huko Uskoti kwenyewe, nyanda za juu, wapiga zumari za mfuko walikuwa na mfumo wa kufundishana muziki kwa mdomo, canntaireachd kwa Kigaeli, ambapo kwa kawaida irabu husimamia noti ya wimbo na konsonanti husimamia madoido yanayoipamba noti hiyo. Mwalimu aliimba silabi, mwanafunzi akajua vidole viende wapi. Sidai kwamba binti wa Grangemouth, mji wa nyanda za chini, aliurithi mfumo huo. Nasema tu kwamba wazo la kuzipa silabi kazi nyingine mbali na maana halikuanza na vijana wenye nywele zilizosimama katika miaka ya themanini.

Fonetiki nayo ina la kusema. Tunatofautisha irabu kwa kusikiliza vilele vya nguvu katika wimbi la sauti, ambavyo wanafonetiki huviita fomanti. Kilele cha kwanza cha irabu i au u kiko karibu na hezi 300. Cha irabu a kiko juu zaidi, karibu na 800 kwa sauti ya mwanamke. Mwimbaji akipanda hadi noti yenye hezi 700, tayari amekwisha kupita kilele cha kwanza cha i, cha u, na hata cha e. Hapo i yake na e yake haziwezi tena kutofautishwa vizuri na sikio lolote, liwe la Mskoti au la Mgiriama. Ndiyo maana hata katika opera, ambako maneno yapo na yamechapishwa, wasikilizaji huyapoteza yakifika juu. Mwaka 1983 jumba la opera la Toronto lilianza kuonyesha tafsiri kwenye bango juu ya jukwaa, na leo majumba mengi duniani hufanya hivyo. Sauti ya juu hula maneno, hiyo ni fizikia. Waimbaji wengine hupigana na fizikia hiyo. Fraser aliamua kuishi nayo.

Haya yote yananisaidia kuelewa kinachofanyika. Kukipenda ni shughuli nyingine, na hapo sitaki kuwafuata mashabiki wake kwa upofu. Magazeti ya muziki ya Uingereza yalimpamba kwa sifa zisizo na breki. Wapo walioitaja sauti ya Mungu. Malaika, mbingu, barafu, lulu, ndoto: ukisoma tahakiki tano umesoma hamsini. Huu ni uvivu wa kitaaluma. Mhakiki aliyenyimwa maneno ya kunukuu anakimbilia mbinguni. Hasemi ni wimbo gani ulio bora kuliko mwingine, wala kwa nini, kwa sababu mbinguni hakuna daraja la kwanza na la pili.

Mimi naona madaraja. Treasure, ambayo wengi huitanguliza, ni albamu ya kupendeza na ya kuchosha. "Lorelei" ni wimbo wa kudumu. Lakini kuna nyimbo humo ambamo silabi zinapambwa kwa mwangwi hadi zinakuwa kama pazia za ukumbi wa harusi: nyingi, nyeupe, na hazifichi dirisha lolote. Guthrie mwenyewe amewahi kuizungumzia albamu hii kwa dharau, na ingawa msanii si hakimu bora wa kazi yake, safari hii naelewa alichomaanisha. Silabi zisizo na maana zinahitaji muziki wenye umbo kali wa kuzisimamisha. Muziki nao ukilegea na kuwa ukungu, msikilizaji hana mahali pa kuweka mguu.

Victorialand ni jambo jingine. Raymonde hakuwamo, na ngoma karibu hazimo. Gitaa limesafishwa, nafasi ni kubwa, na sauti ya Fraser inasikika kila ilipo. Kwa kuwa hakuna kelele ya kuficha silabi, unatambua kwamba hata ukizisikia zote huzielewi, na hapo ndipo nilipoacha kutafuta. Yaani sikio lilisalimu amri. Nilianza kugundua mambo ambayo mtafuta maneno huyapita: kwamba anaanza baadhi ya vifungu kwa konsonanti ngumu za meno na midomo, kisha anazilainisha kadiri kifungu kinavyopanda, kwamba anavuta pumzi mahali ambapo sintaksia ya Kiingereza haingemruhusu, kwamba kuna kiimbo cha swali bila swali na kiimbo cha jibu bila jibu. Mtoto wa miezi minane hufanya hivyo kabla hajapata neno la kwanza. Anakugombeza, anakubembeleza, anakusimulia, na wewe unaitikia "ehee", kwa sababu muziki wa mazungumzo umeshakamilika ingawa mazungumzo hayajaanza.

Kazi yao bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Heaven or Las Vegas ya mwaka 1990. Wengi watakubaliana nami, lakini sababu zangu huenda zisiwe zao. Albamu hii ilifika nafasi ya saba katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na ilitengenezwa wakati mgumu na mtamu: Fraser na Guthrie, waliokuwa wachumba, walikuwa wamepata binti mwaka 1989, na Guthrie alikuwa akipambana na uraibu wa dawa za kulevya. Humo maneno yanaanza kuchungulia. Katika "Cherry-Coloured Funk", wimbo wa kwanza, anaimba beti kwa sauti ya chini, ya kifuani, na unapata neno hapa na neno pale. Kisha kinakuja kipokeo, sauti inaruka juu ghafla, na kila kitu kinayeyuka. Unakaribia kuelewa, unanyang'anywa. Unakaribia tena, unanyang'anywa tena. Katika albamu za awali kutoelewa kulikuwa hali ya hewa. Hapa kumekuwa tukio, kuna kabla na baada. Ndiyo sababu wimbo huu unaniuma kwa namna ambayo Treasure nzima haikuniuma. Maana inapata uzito pale unapoiona ikiondoka.

Baada ya hapo ndipo suala linapokuwa zito kuliko ladha. Walihama 4AD, na mwaka 1993 wakatoa Four-Calendar Café chini ya Fontana, lebo ya kampuni kubwa. Fraser na Guthrie walikuwa wametengana kama wapenzi, wakabaki kufanya kazi pamoja. Na katika albamu hii, kwa mara ya kwanza, maneno yanasikika sehemu nyingi. Wimbo "Bluebeard" umepewa jina la yule mwanamume wa hadithi ya kale ya Ufaransa aliyewaua wake zake mmoja baada ya mwingine, na mwimbaji anamuuliza mwanamume maswali ambayo hayahitaji kamusi: kama anafaa, kama ni salama kuwa naye. Baada ya miaka kumi ya mafumbo, mwanamke amesema.

Wapenzi wengi wa bendi walinung'unika. Uchawi umetoka, walisema. Wakatamani sauti ile ya zamani isiyosema kitu.

Hapo ndipo ninapowatilia shaka wapenzi wa ukungu. Mimi pia naona Four-Calendar Café haifikii Heaven or Las Vegas, lakini sababu iko kwenye muziki: magitaa yametulia mno, midundo imekuwa ya kawaida, yale majabali yaliyosimamisha sauti yamesawazishwa. Tatizo si kwamba tumemwelewa. Mtu anayeipenda sauti ya mwanamke kwa sharti kwamba isimwambie lolote, na anayekasirika siku inapomwambia, ajiulize alikuwa anapenda nini. Sisi wa pwani hii tuna mfano wa kutupima. Taarabu ya kasri la Unguja iliimbwa kwa Kiarabu, na wengi walioisikia walistarehe bila kuelewa. Siti binti Saad alipoimba kwa Kiswahili na kurekodi Bombay mwaka 1928, maneno yaliingia mitaani. Katika "Kijiti" alisimulia mauaji ya mwanamke na haki iliyopindishwa mahakamani. Sijasikia mtu wa Ng'ambo aliyelalamika kwamba sasa anaelewa mno.

Mwanafunzi wangu hakubaliani nami hapa. Anashikilia kwamba silabi za Fraser zilikuwa tayari zinasema, tena zaidi ya maneno, na kwamba kuyafanya maneno ya "Bluebeard" kuwa ushahidi wa uhuru ni kumrudisha mwimbaji kwenye meza ya walimu wa fasihi ili asahihishwe. Ni hoja nzuri na nimemwambia aiandike. Ila aniambie pia kwa nini, baada ya bendi kuvunjika, Fraser aliendelea kuelekea kwenye maneno. Katika "Teardrop" ya Massive Attack, mwaka 1998, anaimba maneno aliyoyatunga mwenyewe na unayasikia, ingawa irabu bado zinateleza kama samaki mkononi. Alikuwa akimwazia rafiki yake Jeff Buckley, mwana wa yule Tim, aliyezama mtoni Memphis mwaka 1997 wakati wimbo ukirekodiwa. Mwaka 2022 alitoa kazi fupi na Damon Reece kwa jina Sun's Signature, na humo pia anasema. Hakurudi kwenye lugha ya Treasure. Alikwisha kuitumia.

Anayetaka kuanza asianze na Treasure, hata kama ndiyo atakayopewa kwanza na kila shabiki. Aanze na "Song to the Siren", ajue kwamba huyu ni mtu anayeweza kutamka. Kisha "Cherry-Coloured Funk", mara tatu mfululizo, ahesabu maneno anayoyapata kila mara; idadi itapungua badala ya kuongezeka, asiogope. Halafu Victorialand yote bila kukatiza, ni nusu saa na dakika chache tu, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Na stima ikipotea katikati, kama ilivyo ada yetu, betri ya simu itafika mwisho wa albamu.